Daftari la Maziwa

Halako huja kabla muadhini hajakohoa,
madumu mawili ya manjano, kamba begani,
kutoka Chalaluma hadi hapa Witu kwa miguu.
Nafungua kizibo, nanusa.
Moshi. Kwao vibuyu hufukizwa kwa gome la mti
ambao jina lake hajanitajia hadi leo,
na wateja wangu harufu ile huiita utamu.
Chai yangu ina sifa mpaka Mokowe.

Naandika: lita kumi na mbili. Kumi na mbili. Kumi na moja.

Januari nyasi zikageuka rangi ya mkeka mkuukuu.
Wanaume wakahama na ng'ombe kuifuata Tana,
yeye wakamwachia watatu, wenye ndama.
Naandika: lita tano. Tatu. Tatu na nusu,
na pembeni, kwa kalamu nyekundu: mepesi.
Nilidhani anatia maji.
Mungu anisamehe, nilimwambia.
Hakujibu. Alichukua unga kilo mbili, sukari robo,
chenji akaihesabu mara mbili.

Kisha siku moja akaja magharibi, saa asiyokuja,
mwanawe Bonaya kashika upindo wa guo lake.
Taa nilikuwa sijaiwasha.
Mtoto akaligonga benchi kwa goti. Akaligonga tena.
Akanyoosha mkono kupapasa kikombe
kilichokuwa mbele ya pua yake.
"Jua likizama, naye huzama," mama akasema,
kama mtu anayetaja bei.

Shufaa wa zahanati alikuwa na andazi kinywani.
Akaliweka chini. Akamwinua mtoto kidevu
chini ya tochi ya simu: macho makavu,
hayana mng'ao,
kama yai la kuchemsha lililosahauliwa sahanini.
"Hunywa nini?"
"Chai."
"Ya maziwa?"
Halako akanitazama mimi, si yeye.
"Ya rangi. Maziwa ni ya hapa."

Nilikuwa na kijiko mkononi. Nikakosa pa kukiweka.

Shufaa alieleza, sauti ya chini, si ya kliniki:
kwamba ubichi wa nyasi hauishii tumboni mwa ng'ombe,
huhamia kwenye mafuta ya maziwa,
na jicho la mtu hukaa likiungoja ili lione gizani.
Nyasi zikifa, hata tone lililobaki lina njaa.
"Vitamini A," akasema.
Nikawaza: alifu. Miezi mitatu nimeandika tarakimu
na mtoto amekosa herufi ya kwanza.

Akavuka barabara, akarudi na kidonge chekundu
kilichonona mafuta. Akakikata ncha,
akamkamulia ulimini kama mtu akamaye mbuzi.
"Kingine kesho. Cha tatu baada ya wiki mbili.
Mnakaa wapi?"
Halako akanyoosha mkono kuelekea mbugani,
akausogeza kidogo kushoto.
"Leo, pale."
Kadi ina mstari mmoja tu wa kijiji.
Shufaa akafikiri, akaandika: Hoteli ya Famau.

Basi nikawa kijiji.

Nikamwambia Halako: katika kila dumu
kikombe kimoja nakilipa, lakini sikimimini,
arudi nacho kwa Bonaya.
"Nilichouza sikiombi," akasema.
Nikamwambia si sadaka, ni bei mpya.
Akanitazama muda mrefu.
Kisha akapandisha shilingi tano kwa lita.

Masika yalichelewa, yakaja kwa fujo,
barabara ya Garsen ikakatika siku nne.
Wanaume wakarudi, ng'ombe wamepungua saba.
Lakini sufuriani utando wa malai umeanza tena
kuwa na umanjano wake, na mimi naandika
lita tisa, kasoro kikombe. Lita kumi, kasoro.
Hesabu zangu siku hizi hazikai sawa
na mke wangu ameliona hilo.

Jana magharibi walipitia kuchukua madumu matupu.
Taa sijaiwasha, nanywa yangu kwa kuzoea.
Bonaya akasimama kando ya meza.
"Kuna nzi kwenye kikombe chako."
Nikainama. Sikuona kitu.
Nikawasha taa.
Alikuwamo.